Kutoka Picha Hadi Shairi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vitabu vya Picha na Mashairi ya Watoto

Ukurasa huu ni wa walimu, wazazi na wakutubi wanaotaka watoto waandike mashairi ya kuchezea maneno, si ya kukariri siku ya sherehe. Maswali yamepangwa kwa jinsi yanavyojitokeza kazini: kwanza kuchagua kitabu, kisha kipindi chenyewe, halafu yale yanayokwama.

Kwa nini kitabu cha picha? Si bora kumpa mtoto mada tu aandike?

Mtoto akiambiwa "andika shairi kuhusu mvua", anatafuta anachodhani mkubwa anataka kusikia, na matokeo yake ni "mvua ni muhimu". Akionyeshwa picha ya mvua inayomwagika juu ya ng'ombe aliyevaa kofia, hana haja ya kutafuta wazo. Kazi inayobaki ni ya maneno tu, na hapo ndipo mchezo ulipo.

Sababu ya pili ni ukurasa wenyewe. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa na kuwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukitoa kurasa za jina na taarifa za uchapaji, zinabaki jozi kama 12 hadi 14 za kurasa zinazotazamana, na kila unapofunua kuna kusubiri kidogo: nini kinafuata? Mshororo wa shairi nao hufanya hivyo hivyo. Mtoto aliyezoea kusubiri ukurasa ufunuliwe anaelewa haraka kwa nini mshororo ukatwe hapa na si pale.

Nitajuaje kitabu kinachofaa?

Fungua jozi yoyote ya kurasa, kisha taja kwa sauti vitenzi unavyoviona: anaruka, anachungulia, kinamwagika, imening'inia. Ukikosa vitano, picha hiyo imelala. Inaweza kuwa nzuri sana kwa macho, ila haitamsaidia mtoto kuandika. Picha za aina hiyo ni nyingi katika vitabu vya kufundishia majina ya vitu, ambapo tufaha limekaa peke yake katikati ya weupe.

Tafuta pia vitu vya pembeni, kwa mfano panya aliyejificha nyuma ya ndoo, soksi iliyoanguka, au dirisha moja lenye taa. Watoto huviona kabla ya watu wazima, na shairi lao huanzia huko mara nyingi kuliko kwa mhusika mkuu.

Maandishi yawe machache. Kitabu kisicho na neno hata moja kinafaa kabisa. Kilichoandikwa tayari kwa vina ndicho cha kuchukua kwa tahadhari, kwa sababu mapigo yake huwaganda watoto masikioni na darasa zima likatoa shairi moja lililobadilishwa majina. Ukikipenda sana, kitumie, lakini funika maandishi na uyasome mwishoni.

Kipindi kizima kinaendaje?

Dakika 45 zinatosha kwa watoto wa miaka 7 hadi 10. Andaa mapema: chagua jozi 3 za kurasa, usizidishe, na funika maandishi yake kwa vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwa gundi nyepesi isiyochuna rangi.

Dakika 5 za kwanza, pitisha kitabu chote bila kuuliza swali lolote. Hili ni gumu kwa watu wazima. Mtoto anayeulizwa "hii ni rangi gani?" kila ukurasa huanza kujibu mtihani na kuacha kutazama.

Dakika 8 zinazofuata, rudi kwenye jozi moja tu. Waache watazame kimya kwa nusu dakika nzima, ambayo ni ndefu kuliko unavyodhani, kisha wafumbe macho na waseme wanachokumbuka. Wafungue tena watafute walichokosa. Baada ya hapo waigize kwa mwili: anayeteleza ateleze, anayechungulia achungulie. Vitenzi vizuri hutoka viungoni kabla ya kutoka mdomoni.

Dakika 7 za kukusanya maneno ubaoni (angalia swali linalofuata). Dakika 10 za kutunga shairi moja la pamoja, mistari 4 hadi 6, wewe ukiwa mwandishi wao. Hapa fanya makosa kwa makusudi. Andika mstari mbovu, usome kwa sauti, uukunjie uso, waulize waurekebishe. Mtoto asiyewahi kuona mstari ukifutwa hudhani mashairi huja yamekamilika.

Kisha dakika 10 za kila mmoja kuandika lake, na 5 za kusomeana. Ukiona muda unakimbia, punguza kusoma kitabu, usiguse dakika za mwisho. Shairi lisilosomwa kwa sauti ni nusu ya shairi.

Maneno ubaoni niyakusanye vipi?

Chora safu nne: *kinachoonekana, kinachofanywa, kinachosikika, kisichoonekana*. Safu ya kwanza hujaa yenyewe, kwa hiyo izuie ikifika maneno 5. Safu ya tatu ndiyo hazina, na Kiswahili kimetujalia tanakali za sauti ambazo zimeshabeba picha ndani yake: aliyeanguka majini ni *chubwi*, mchangani *tifu*, matopeni *tapwi*. Kimya ni *jii*. Hata rangi zina sauti zake: nyeupe *pe*, nyeusi *ti*. Mwulize mtoto, "Huyu akianguka, ataangukia wapi, na itasikikaje?" Acha wabuni zao pia. Tanakali aliyoibuni mtoto wa miaka saba kwa ajili ya tembo anayeteleza kwenye ngazi haihitaji kuwa kwenye kamusi.

Safu ya nne ni ya mambo ambayo mchoraji hakuyachora: harufu, baridi, siri, kitu kilicho nyuma ya mlango, alichokiota paka. Bila safu hii shairi linakuwa maelezo ya picha.

Jumla ya maneno 15 hadi 20 inatosha. Yakifika 40, mtoto hachagui tena, ananakili.

Wanaandika "Naona paka. Naona mti. Naona jua." Nifanyeje?

Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na chanzo chake mara nyingi ni swali la mkubwa: "Unaona nini?" Mtoto amejibu alichoulizwa.

Dawa ya kwanza ni kupiga marufuku neno "naona" kwa dakika kumi, kama mchezo. Dawa ya pili, yenye nguvu zaidi, ni kuagiza uongo: kila mstari uwe na uongo mmoja. Picha inaonyesha paka juu ya paa. Mtoto anaandika, "Paka amelala juu ya paa." Ni kweli, sasa uongo wake? "Paka amelifunika paa lisipate baridi." Hapo shairi limezaliwa, na hakuna aliyetamka neno "tashihisi", yaani kukipa kitu tabia za mtu.

Dawa ya tatu ni kubadili msemaji. Asiandike kuhusu mwavuli; aandike kama mwavuli. Mwavuli unalalamika nini? Unamchukia nani?

Je, lazima shairi liwe na vina na mizani?

Si lazima, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 8 tunashauri usianze navyo. Lakini usivifiche pia, maana watoto wanavipenda na ushairi wetu umejengwa juu yake. La muhimu ni kujua vinapotega.

Kina katika Kiswahili ni silabi nzima ya mwisho, si irabu tu. Vitenzi vingi huishia na *a*, kwa hiyo mtoto huandika *anacheza, anaruka, anapita* na kuamini amepata vina. Hajapata: *za, ka, ta* ni silabi tatu tofauti. Mtego wa pili ni *-ni* ya mahali. *Mtini, nyumbani, bondeni, njiani*: vina vya bure visivyokwisha, na shairi zima linageuka orodha ya mahali. Weka sheria ndogo: *-ni* ya mahali isizidi mara mbili katika ubeti mmoja.

Mizani, yaani hesabu ya silabi katika mshororo, ifundishwe kwa makofi, silabi moja kofi moja. Anza na majina yao, kisha maneno yenye mtego. *Mtoto* ni makofi matatu, kwa sababu *m* inasimama peke yake. *Mbuzi* ni mawili, kwa kuwa *m* imeungana na *bu*. *Mbwa* pia ni mawili: *m-bwa*. *Kaa* ni mawili, *nchi* mawili. Watoto hubishana sana kuhusu *mbwa*, na ubishi huo una thamani kuliko maelezo.

Umbo zuri la kuanzia ni ubeti wa mtindo wa utenzi: mishororo minne, kila mmoja mizani 8, mitatu ya kwanza ikishiriki kina na wa nne ukienda njia yake. Picha ya chura akiruka kutoka jiweni inaweza kutoa hivi:

*Chura karuka mtoni,*
*chubwi! kazama majini,*
*samaki kasema: Nani*
*anayegonga mlango?*

Hesabu kwa makofi: nane kila mahali. Angalia kwamba *-ni* ya mahali imetumika mara mbili tu, na ya tatu, *nani*, imegeuza tukio kuwa kichekesho. Angalia pia *karuka* badala ya *ameruka*: makofi matatu badala ya manne. Watunzi wa mashairi hufanya hivyo siku zote, ndiyo inkisari, na mtoto akijua kwamba ana ruhusa hiyo huacha kulazimisha maneno.

Tarbia kamili, yaani shairi la mishororo minne kwa ubeti, yenye mizani 16 kwa mshororo iliyogawanywa nane na nane, pamoja na kina cha kati na cha mwisho, iache kwa wenye miaka 10 na zaidi, na hata hao wape ubeti mmoja. Kinachoharibika wakisukumwa mapema ni maana: mtoto anakubali upuuzi wowote mradi unaishia *-ra*. Upuuzi wa makusudi ni mchezo. Upuuzi wa kulazimishwa unachosha, na anayeuandika ndiye wa kwanza kuuchoka.

Kuna njia ya kucheza na maneno isiyohitaji vina?

Ipo, na tunaipenda kuliko vina: upatanisho wa ngeli. Sarufi yetu hurudia sauti yenyewe bila kuombwa. Mtoto achague kitu kimoja pichani, kisha ajenge mstari ambamo kila neno linaanza na sauti ya ngeli hiyo:

*Kijiko kidogo kimekwama kichakani.*
*Viatu vyangu vipya vimevimba.*
*Mawingu makubwa matatu yamelala mabondeni.*

Mstari wa tatu umevunja mpangilio kwa *yamelala*, na watoto wataliona hilo kabla yako. Waulize kwa nini; umefundisha sarufi bila kutangaza somo.

Angalizo moja: viumbe hai. *Kipepeo* na *kiboko* vinaanza na *ki-* lakini hupatanishwa kama watu: kipepeo mdogo ameruka, kiboko mkubwa amekaa. Kwa mchezo huu tumia vitu visivyo na uhai, la sivyo utavuna "kiboko kikubwa kimekaa" daftari zima.

Aina gani nyingine za mashairi zinaendana na picha?

Kitendawili kirefu kinakubali haraka zaidi, kwa kuwa watoto wanajua tayari kutega na kutegua. Mtoto anachagua kitu pichani bila kumwambia mtu, anaandika mistari mitatu au minne kana kwamba yeye ndiye kitu hicho, wenzake wanatafuta kwenye ukurasa:

*Nina mdomo, lakini sili.*
*Nina mkono mmoja, sibebi mzigo.*
*Ukiniweka motoni, naimba.*

Ni birika. Mstari wa mwisho usiwe rahisi kuliko wa kwanza, vinginevyo wasikilizaji hawatazami picha.

Shairi la maswali ni jepesi: kila mstari ni swali kwa mhusika mmoja, mistari mitano, bila majibu. Shairi la umbo, ambalo maneno yake yanapangwa yachore kitu chenyewe, ni la zamani. Mfaransa Guillaume Apollinaire alichapisha kitabu chenye mashairi kadhaa ya aina hiyo mwaka 1918. Kwa watoto, chora umbo kwa penseli kwanza, andika juu ya mstari wa penseli, futa mwishoni. Wakianza na maneno kabla ya umbo, konokono hutoka mraba.

Ngonjera ya wahusika wawili wa kitabu wanaobishana inafaa kwa watoto wawili wawili, ubeti kwa ubeti.

Haiku ya Kijapani, mizani 5, 7 na 5, inapendwa madarasani lakini kwa Kiswahili inabana kweli kweli. Maneno yetu ni marefu. *Ninakukumbuka* peke yake imezidi mstari wa mizani 5. Inawezekana ukitumia vitenzi vifupi:

*Mwezi wacheka,*
*paka afunga macho,*
*panya apita.*

Shairi la herufi za jina, lile la kuanza kila mstari na herufi moja ya neno, tunaliweka mwisho kwa makusudi. Ni rahisi kulisimamia, ndiyo maana limezagaa, lakini humfanya mtoto atafute neno linaloanza na *k* badala ya neno linalofaa.

Mtoto wa miaka minne asiyejua kuandika anaweza kushiriki?

Anaweza, na mara nyingi ndiye mshairi hodari. Yeye aseme, wewe andika neno kwa neno bila kulinyoosha. Akisema "jua limekojoa dhahabu", andika hivyo hivyo. Msomee mara moja, umuulize kama kuna neno anataka kubadilisha. Mistari 2 au 3 inatosha. Katika umri huu, mstari mmoja unaorudiwa kila mnapofunua ukurasa, kama kibwagizo ambacho watoto wote wanakiitikia, ndiyo kazi nzima.

Nina darasa la watoto 50 na nakala moja ya kitabu.

Usizunguke na kitabu mkononi. Walio nyuma huona kivuli tu. Siku moja kabla, chora jozi moja ya kurasa kwenye karatasi kubwa kwa mistari minene, hata vibaya. Unahitaji vitu vikuu na viwili vitatu vya pembeni. Au gawa darasa makundi ya watoto 8 hadi 10: kundi moja linakaa na kitabu kwa dakika tano, wengine wanafanya mchezo wa ngeli au makofi, kisha mnabadilishana. Kila kundi litunge ubeti mmoja juu ya jozi yake ya kurasa. Ukiziunganisha una shairi la beti tano au sita linalofuata kitabu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kitabu nilicho nacho ni cha lugha ya kigeni. Nikitafsiri?

Usitafsiri. Funika maandishi, acha picha zizungumze, na maandishi ya Kiswahili yatoke kwa watoto. Tafsiri ya papo kwa papo huleta sentensi zilizopinda, na watoto huziiga.

"Sijui niandike nini."

Mara nyingi maana yake ni "naogopa kukosea" au "ukurasa ni mkubwa mno". Kata kipande cha karatasi chenye tundu la sentimita 5 kwa 5, kiweke juu ya picha. Sasa haoni msitu mzima. Anaona mkia mmoja na nusu ya jani. Mwambie aandike mistari miwili tu kuhusu kilicho tunduni, halafu asogeze tundu. Akikwama bado, mpe mstari wa kwanza wenye pengo: "Usiku, ______ akaanza kuimba."

Usimwambie "andika chochote". "Chochote" ni kikubwa kuliko ukurasa.

Nisahihishe tahajia na sarufi?

Si siku hiyo. Rasimu ya kwanza ni ya masikio: msikilize akisoma, mwonyeshe neno moja lililokupendeza kwa kulitaja hasa ("*amelifunika paa*, hilo nimeliona kabisa"), kisha uulize swali moja. Tahajia ishughulikiwe siku ya pili, wakati wa kunakili kwa ajili ya kuonyesha wengine. Kosa linaloleta maana mpya ya kuchekesha mwulize kwanza kama anataka kulibakiza.

Neno "nzuri sana" halimsaidii mtoto, kwa kuwa halimwambii arudie nini kesho.

Mtoto akinakili maneno ya kitabu, ni wizi?

Kuiga ni hatua ya kujifunza, na ndani ya darasa au nyumbani hakuna tatizo. Akichukua umbo la sentensi na kubadilisha kila kitu ndani yake, amefanya kazi. Akichukua sentensi nzima, aandike kwamba imetoka kwenye kitabu. Mipaka hubadilika mkitaka kuchapisha au kuweka kazi mtandaoni: hapo msitumie picha za kitabu wala maneno yake bila ruhusa ya wenye haki. Watoto wachore picha zao.

Tumalize na nini mkononi?

Kijitabu cha kurasa 8 kwa karatasi moja ya A4, bila pini wala gundi. Kunja karatasi katikati kwa urefu wake, mara moja tu, fungua. Kunja kwa upana, kisha ncha za kila upande zirudi hadi kwenye mkunjo wa kati, fungua zote: una vyumba 8. Kunja tena nusu kwa upana, na kutoka *upande uliokunjwa* kata kufuata mstari wa kati hadi mkunjo wa kwanza tu. Fungua, kunja kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane. Ule mkato unafunguka kama mdomo, kurasa zinajipanga, unazikunja ziwe kitabu.

Kosa la kawaida ni kukata kutoka upande ulio wazi, ambapo mkato unatokea kingoni na kitabu hakikunjiki. La pili ni kuandika kabla ya kukunja: ukiifungua karatasi, safu moja ya vyumba inatazama chini juu, kwa hiyo nusu ya shairi itageuka kichwa chini. Kunja kwanza, andika namba za kurasa kwa penseli, ndipo shairi liingie: jalada mbele, mshororo mmoja kwa kila ukurasa wa ndani, na jina la mtunzi nyuma.